Maisha ya Robert Serumaga, Mtu wa Jukwaa na Safari

Kila mwaka jarida hili la Chama chetu cha Kiswahili huwa na ukurasa wa maisha ya watu mashuhuri waliokwisha kutangulia mbele ya haki, na kila mwaka, ukipekua matoleo ya nyuma kabatini, utawakuta wale wale: Shaaban Robert, Mekatilili wa Menza, Siti binti Saad, halafu Shaaban Robert tena. Sina ugomvi nao. Hata hivyo, mlezi wa chama aliponipa zamu hii nilimwomba ruhusa nimshughulikie mtu wa kazi yangu. Kazi yangu, kwa wale wasionifahamu, ni kutunza maleba na vifaa vya michezo yetu ya kuigiza. Mimi ndiye yule ambaye hamjawahi kumwona jukwaani.

Mtu niliyemchagua ni Robert Serumaga wa Uganda. Alizaliwa mwaka 1939 na kufariki Nairobi mwezi wa Septemba 1980, akiwa na umri wa miaka 41 hivi. Alikuwa mwandishi, mwigizaji, mwelekezi, mwenye kundi lake mwenyewe, na karibu na mwisho akawa waziri wa serikali. Katika miaka ya sabini jina lake lilivuma kutoka Kampala hadi London. Leo ukilitaja shuleni kwetu, hata kwa wale wanaojigamba eti wamesoma fasihi yote ya Afrika Mashariki, watakutolea macho kama umewatajia dawa ya mbu.

Jina hilo nililipata mtaani kwetu Bondeni. Nakuru ni mji wa reli na wa barabara kuu. Gari litokalo Kampala kwenda Nairobi, liwe lori la mizigo au basi la usiku, hupita hapa. Idi Amin alipotwaa serikali ya Uganda tarehe 25 Januari 1971, na mambo yalipozidi kuchacha miaka iliyofuata, walioponyoka kupitia Busia na Malaba walipita papa hapa chini ya mlima Menengai. Wengi walisonga mbele hadi Nairobi. Wengine walishuka. Miongoni mwa walioshuka walikuwamo walimu, na shule za Kenya wakati huo zilikuwa na kiu ya walimu. Mmoja wao ni jirani yetu, mwalimu mstaafu ambaye mtaa mzima unamwita Babu Mwalimu. Alikuja mwaka 1977 akiwa kijana mwenye sanduku moja la bati, na mpaka leo yupo, anauza madaftari na kalamu kibandani mwake huku akiwasahihisha wateja Kiswahili chao. Nilikwenda kwake kuazima ngoma ya mchezo wetu. Nikapewa ngoma, na juu ya ngoma nikapewa Serumaga.

Lakini ngojeni kwanza niwaeleze kazi ya nyuma ya pazia, maana bila hiyo hamtaona kwa nini maisha ya mtu huyu yaliniingia hivi.

Mchezo ukichezwa shuleni kwenu ni jambo moja. Mchezo ukisafirishwa ni jambo lingine kabisa. Muhula uliopita chama chetu kilipeleka mchezo katika shule nne za hapa Nakuru. Pesa za kukodi gari hatukuwa nazo, kwa hivyo tulikodi mkokoteni. Juu ya mkokoteni huo palikuwa na kiti cha enzi cha mfalme (yaani kiti cha mwalimu kilichovishwa leso), milango miwili ya mbao, sufuria tatu, mikuki saba, ngoma mbili, karai, taa ya chemli, na gunia la maleba. Daftari langu lina vitu 43. Kila kitu kinatiwa alama kikipakiwa, kinatiwa alama kikishushwa, na alama ya tatu kikirudi nyumbani. Leso zenyewe ni za akina mama wa Bondeni, na ole wako leso ya mama wa mtu ipotee!

Halafu ufike huko uendako. Shule ya kwanza ina jukwaa pana kama uwanja wa mpira, mfalme akiketi upande mmoja na malkia upande wa pili itabidi waitane kwa mbinja. Shule ya pili jukwaa lao ni meza za bwalo zilizounganishwa, na ukikanyaga kwenye maungio meza zinaachana. Milango yetu haikuenea chini ya dari. Katika shule ya tatu, ambayo jina lake nalihifadhi, mwenye ufunguo wa ukumbi alikuwa amekwenda nao sokoni, tukamngoja saa nzima na nusu. Aliporudi tukaanza, na stima ikapotea katikati ya onyesho. Mfalme wetu akauawa gizani, watazamaji wakasikia kishindo tu. Kufikia shule ya nne milango tuliiacha nyumbani. Mwelekezi wetu aliamua wavulana wawili wasimame mikono wameipitanisha, hao ndio mlango. Mtu akibisha, wanaachia. Ajabu ni kwamba siku hiyo makofi yalikuwa mengi kuliko siku zote.

Nilipomsimulia Babu Mwalimu kisa hicho cha mlango wa watu alicheka mpaka akavua miwani. Kumbe njia hiyo kuna mtu aliyeipita kabla yetu, akaifuata mpaka mwisho wake.

Haya basi, tuanze mwanzo. Serumaga alikuwa Mganda, akalelewa na mama yake katika dini ya Kikatoliki. Shule aliipenda na shule ilimpenda, na baadaye alipata nafasi ya kwenda ng'ambo, Trinity College katika mji wa Dublin, Ireland. Huko alisomea uchumi hadi shahada ya uzamili katikati ya miaka ya sitini. Uchumi! Sisi huwa tunadhani mtu wa sanaa ni yule aliyeshindwa na hesabu. Dublin nao ni mji wenye wazimu wa michezo ya kuigiza tangu zamani, na kijana huyo hakukaa huko amefumba macho. Kutoka Dublin alifanya kazi za redio London, akiwahoji waandishi wa Afrika ambao leo tunawasoma darasani, Chinua Achebe akiwa mmoja wao. Mtu anayewahoji mafundi kila mara hawezi kukosa kuiba ufundi.

Alirudi nyumbani katika nusu ya pili ya miaka ya sitini. Mwaka 1967 ulitoka mchezo wake wa kwanza, alioupa jina A Play, yaani mchezo tu, basi. Unamhusu mzee mmoja tajiri anayesumbuliwa na kifo cha mkewe. Mwaka 1969 ikatoka riwaya yake Return to the Shadows, juu ya msomi anayejikuta katikati ya mapinduzi ya kijeshi na kutoroka nyumbani kwake. Amin alikuwa bado hajapindua serikali. Ilibaki kama miaka miwili. Watu hupenda kusema kwamba waandishi ni watabiri. Mimi nadhani Serumaga alikuwa na macho tu, kwa kuwa mwaka 1966 jeshi la Uganda lilikuwa tayari limeshambulia ikulu ya Kabaka, na aliyeona hayo hakuhitaji ramli kujua bunduki itarudi.

Kampala ilikuwa na jumba zuri la maonyesho, National Theatre, lililofunguliwa mwaka 1959. Kama ilivyokuwa kwa majumba ya aina hiyo katika nchi zetu, lilijengwa wakati wa ukoloni, na mwanzoni Mwafrika aliingia kama mgeni. Serumaga na wenzake waliunda kundi walilolipa jina Theatre Limited, wakalitumia jumba hilo kama watu wenye haki nalo. Mwaka 1970 walionyesha The Elephants. Huu ni mchezo wa ndani ya chumba: kijana msomi anaitwa David, amempa hifadhi mkimbizi anayeitwa Maurice, na kwa kumhurumia anamficha habari za wazazi wake waliouawa, hata kumtungia barua za uongo. Anakuja mwanamke Mmarekani na siri inaanza kufumuka. Mimi nikisoma mchezo kama huo jambo la kwanza ninalofanya ni kuhesabu: makochi, meza, barua, vikombe, mlango wa kuingilia. Ni mzigo wa lori hasa. Nairobi unafika nao vizuri. Zaidi ya hapo?

Kisha ikaja Majangwa mwaka 1971, na hapa namwomba msomaji atulie kidogo. Majangwa ni mpiga ngoma wa barabarani, na mkewe Nakirijja ni mchezaji. Wamezunguka nchi nzima wakiwatumbuiza watu, na kadiri watu walivyozidi kutaka kushtuliwa ndivyo na wao walivyozidi kujishusha, mpaka mambo ya chumbani wakayafanya hadharani ili sarafu zidondoke. Sasa wamechakaa. Wamekaa kando ya barabara usiku, wanagombana, wanakumbushana, na hapo barabarani wanakutana na mtu aliyetupwa. Katika Uganda ya mwaka 1971 watazamaji hawakuhitaji kuelezwa kwamba watu hutupwa barabarani. Ukitaka kujua mahitaji ya jukwaa: ngoma moja, matambara kidogo, watu wawili na giza. Mimi nikahesabu nikaona orodha imeshuka ghafla. Mchezo wenyewe ulivuka mipaka mpaka Manila, Ufilipino.

Wapo wanaosema Majangwa ni Serumaga mwenyewe akijiuliza msanii atajiuza mpaka wapi. Sipingi. Lakini kwa mtu wa nyuma ya pazia ni mchezo wa kwanza kusoma ambao unasema wazi kuhusu uchovu wa safari: kwamba kila mji mpya unadai zaidi ya ulioutangulia, na hakuna anayekuuliza ulilala wapi.

Baada ya hapo akageuka kabisa. Alikusanya vijana, wengi wao wakiwa bado wa umri wa shule au wametoka shuleni juzi, wakaishi na kufanya mazoezi pamoja kila siku: kupumua, kuruka, kuanguka bila kuumia, kuimba, ngoma za makabila mbalimbali, sauti. Kundi likaitwa Abafumi, jina linaloelezwa kuwa na maana ya wasimulizi. Walikuwa miongoni mwa vikundi vya kwanza Uganda ambavyo uigizaji ndio ulikuwa kazi yao, si jambo la jioni baada ya ofisi. Serumaga alikuwa amesoma mbinu za Stanislavski wa Urusi na Grotowski wa Poland. Huyo Grotowski alishikilia kwamba jukwaa linaweza kunyang'anywa taa, rangi za uso, mapazia na samani, na bado likabaki mchezo, mradi yupo mwigizaji na yupo mtazamaji. Nadhani mkokoteni wetu ungemfundisha jambo hilo hilo kwa bei nafuu.

Kazi yao kubwa ilikuwa Renga Moi, ya mwaka 1972. Kisa chenyewe kina asili ya Kiacholi. Renga Moi ni shujaa wa kijiji cha vilima saba. Mkewe anajifungua pacha, na kwa mila, baba wa pacha haruhusiwi kumwaga damu mpaka matambiko yao yakamilike. Hapo hapo maadui wanakivamia kijiji. Afanyeje? Akikaa na wanawe, kijiji kinateketea. Akienda vitani, amevunja mwiko wa wanawe mwenyewe. Anakwenda. Anapigana, anashinda, anarudi na sifa, na anakuta pacha wametolewa kafara.

Babu Mwalimu aliuona mchezo huo Kampala akiwa mwanafunzi. Anachokumbuka si maneno, kwa sababu maneno yalikuwa machache na yalitoka katika lugha kadhaa za Uganda, na hata yeye Mganda hakuyafahamu yote. Anakumbuka ngoma zikigonga mpaka kifuani. Anakumbuka miguu. Anakumbuka kwamba hakukuwa na nyumba, ila alipotoka nje angeweza kuapa kwamba aliona nyumba, kilima na msitu, na vyote vilikuwa miili ya vijana wale. Na anakumbuka kwamba ukumbi ulikuwa kimya mwishoni, watu wakiogopa kutazamana, kwa kuwa kila mmoja alikuwa amefahamu, na hakuna aliyetaka jirani yake ajue kwamba amefahamu.

Hapo ndipo penye uhai wa jambo lenyewe. Neno lililoandikwa laweza kupelekwa ofisini, likasomwa na mtu mwenye kalamu nyekundu. Kilio je? Mguu unaogonga sakafu je? Askari ataandika nini katika ripoti yake, kwamba mtu fulani alianguka kwa namna ya kutia shaka? Serumaga alikuwa ameupunguza mzigo wa safari, na kwa kufanya hivyo alikuwa ameondoa pia vile vitu ambavyo serikali ingeweza kuvishika. Mwaka 1974 alifuatisha Amarykiti, jina la mti wenye maua mekundu kama moto, ambao ulikwenda mbali zaidi katika kuacha maneno. Mwaka 1975 viongozi wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika walipokutana Kampala, Amin akiwa mwenyeji wao, Abafumi walicheza mbele yao. Wakubwa walikaa viti vya mbele, wakatazama watu wakionyesha mateso ya nchi ile, kisha wakapiga makofi.

Mwaka huo huo wa 1975 walikuwa London, katika ukumbi wa Aldwych, kwenye msimu wa maonyesho ya mataifa ya dunia. Ukumbi huo ulikuwa umezoea kuwapa watazamaji visikilizio vya masikioni ili wapate tafsiri wakati kundi la kigeni linapocheza. Hebu fikirieni mfasiri aliyepewa kutafsiri ngoma! Walizunguka Ulaya, wakafika na Amerika. Na kila mahali, bila shaka, kulikuwa na jukwaa jipya la kupima kwa hatua, taa zisizojulikana, sakafu ngumu au laini kwa miguu mitupu, ngoma za kukausha kwa sababu baridi ya Ulaya hulegeza ngozi. Ngoma iliyolegea haidanganyiki. Inatoa sauti ya debe. Huku kwetu tunaiota juani au karibu na jiko. Kwenye ukumbi wa London sharti utafute chanzo cha joto, na yule anayekitafuta si yule mtakayemwona akiinama mwisho wa mchezo.

Sasa lipo swali ambalo darasa letu liliniuliza nilipowasomea rasimu ya makala haya, na ni swali zito. Kama Serumaga alimchukia Amin, mbona alikaa naye miaka sita? Mbona kundi lake lilisafiri likiwa na sifa za Uganda kifuani, likaifanya serikali ile ionekane ina utamaduni na ustaarabu? Wapo waliomlaumu kwa hilo, na si bure. Serikali ilifurahia sifa zile. Lakini mimi nawaangalia wale vijana. Nchi ilikuwa imefungwa, Wahindi walifukuzwa mwaka 1972, maduka yakawa matupu, watu wakawa wanatiwa kwenye buti za magari mchana kweupe. Kundi linalosafiri lilikuwa na pasipoti, lilikuwa na chakula, lilikuwa na mahali pa kulia hadharani. Mtu akiniambia kwamba angechagua vizuri zaidi, nitamwomba kwanza aniambie wale vijana angewaweka wapi.

Mwaka 1977 mlango ukafungwa. Mwezi wa Februari aliuawa Askofu Mkuu Janani Luwum. Mwanzoni mwa mwaka huo huo Byron Kawadwa, aliyekuwa mkurugenzi wa sanaa katika lile jumba la National Theatre, alikuwa amelipeleka kundi lake Lagos, Nigeria, kwenye tamasha kubwa la sanaa za Waafrika, na mchezo wake Oluyimba lwa Wankoko, yaani wimbo wa jogoo. Ulikuwa mchezo wa kasri na wa wanyang'anyi wa kiti, na mwenye masikio alisikia. Waliporudi nyumbani Kawadwa alikamatwa na kuuawa. Alikuwa ameiwakilisha nchi yake ugenini, na zawadi yake ikawa hiyo. Fikirini wenzake waliokuwa bado hawajafungua hata masanduku ya maleba.

(Na sisi Wakenya tusijichekee. Mwaka huo huo wa 1977, kule Kamiriithu, Limuru, wanakijiji walijenga ukumbi wao wa wazi kwa mikono yao, wakaanza kucheza Ngaahika Ndeenda mwezi wa Oktoba, na kabla Novemba haijaisha kibali kilikuwa kimefutwa. Ngũgĩ wa Thiong'o, mmoja wa watunzi wa mchezo huo, alitiwa kizuizini mwishoni mwa mwaka bila kufikishwa kortini.)

Serumaga alikimbilia Kenya mwaka huo wa 1977. Na hapa, msomaji, maisha yake yanaanza kufanana na mchezo wake mwenyewe kwa namna inayonitia baridi. Alikuwa na wanawe wa jukwaani, wale vijana aliowalea kwa mazoezi, wametawanyika ugenini. Alikuwa na kijiji kinachoungua. Ikambidi achague, akachagua kama Renga Moi. Vita kati ya Tanzania na Amin vilipozuka mwishoni mwa 1978, alijiunga na wale waliokuwa wakipanga mapigano kutoka nje. Kundi alilohusika nalo lilijaribu kuvuka Ziwa Viktoria kwa mashua, mashua ikaelemewa, na wengi wakazama bila kufyatua risasi hata moja. Yeye aliendelea. Mwezi wa Machi 1979 Waganda walio uhamishoni walikutana Moshi, Tanzania, wakaunda umoja wao. Tarehe 11 Aprili Kampala ikakombolewa. Profesa Yusuf Lule akaapishwa kuwa rais, na Serumaga, yule msomi wa uchumi wa Dublin, akawa waziri wa biashara.

Serikali hiyo ilidumu siku 68 tu. Mwezi wa Juni Lule aliondolewa na wenzake, na waziri wetu akarudi tena uhamishoni, safari hii akikimbia watu aliokuwa ameshirikiana nao kumng'oa Amin. Barabara ni ile ile. Babu Mwalimu naye alikuwa ameshafunga sanduku lake la bati arudi nyumbani. Aliposikia habari za Lule redioni alilifungua tena, akatoa nguo, akazirudisha kabatini hapa hapa Bondeni. Hajalifunga tena tangu siku hiyo.

Mwezi wa Septemba 1980 Serumaga alifia Nairobi. Ilitangazwa kwamba ni kwa kuvuja damu kwenye ubongo. Wapo waliotia shaka wakati ule na wapo wanaotia shaka mpaka leo, kwa sababu mtu wa miaka 41 mwenye maadui wengi akianguka ghafla, watu hawaachi kunong'ona. Uganda ilifanya uchaguzi mwezi wa Desemba, ikaingia katika vita vingine, na hakuna aliyekuwa na nafasi ya kuwakusanya tena Abafumi. Mwanawe, Kalundi Serumaga, alikuja kuwa mtu wa tamthilia na mwandishi wa habari anayejulikana kwa ukali wa kalamu.

Baada ya kuyasikia yote hayo nilikwenda kwa mlezi wa chama na shauri kwamba mwaka ujao tucheze Renga Moi kwa Kiswahili, tuzunguke nayo. Ingetufaa sana: hakuna milango ya mbao, hakuna kiti cha enzi, mkokoteni mmoja ungetosha na nafasi ikabaki. Akaniambia nilete kitabu. Hakuna kitabu. The Elephants ilichapishwa, Majangwa ilichapishwa, riwaya nayo ilichapishwa. Renga Moi haikuchapishwa. Ilikuwa imewekwa yote ndani ya miili ya vijana wale, katika magoti na mapafu yao, na walipotawanyika ikatawanyika nao.

Kwa hivyo siku za Jumamosi mimi na wenzangu watatu huenda kibandani kwa Babu Mwalimu akishafunga biashara. Anatuonyesha anachokikumbuka: jinsi shujaa alivyorudi kutoka vitani akitembea, hatua zilikuwaje, ngoma ilinyamaza wapi. Magoti yake hayakubali tena hatua zote, kwa hivyo nyingine anazigonga kwa vidole juu ya meza ya madaftari na sisi tunazifuata kwa miguu. Mpaka sasa tumepata kama dakika nne. Nimeziandika katika daftari la vifaa, baada ya kitu cha 43.